Simu ipi ununue Arusha au Moshi: tumezipanga kwa mfumo, apdeti na spea

Ukishuka kwenye kifodi karibu na Soko Kuu la Arusha, au ukipita maduka yanayozunguka stendi ya mabasi ya Moshi, muuzaji wa kwanza atakayekudaka atakutajia kamera: megapikseli 50, 64, 108. Wa pili atakutajia RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo programu hutumia zikiwa wazi. Ni nadra kumpata atakayekwambia simu hiyo itapokea apdeti mpaka mwaka gani, au kama kioo chake kikipasuka utakipata kwa fundi wa mtaa uleule ama kitaagizwa Kariakoo na wewe ukae kungoja. Hayo mawili ndiyo yanayoamua kama hela yako itadumu miaka mitano au miezi kumi na minane.

Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa uzuri wa picha. Imepangwa kwa maswali mawili: mfumo endeshi wa simu utahudumiwa mpaka lini, na kampuni iliyoitengeneza imejikita kiasi gani katika soko letu.

Kwa nini mfumo unatangulia kamera

Mfumo endeshi ndio mwenye nyumba, na programu zote ni wapangaji. Mwenye nyumba akiacha kukarabati, wapangaji huhama mmoja mmoja: leo programu ya benki inakataa kufunguka, kesho WhatsApp inakuandikia kwamba simu yako haitumiki tena.

Waliokuwa na simu mwaka 2008 wanakumbuka kwamba ukisema simu, ulimaanisha Nokia. Kampuni ile ya Finland haikukosa fedha wala wahandisi. Kilichoiangusha ni mfumo wake, Symbian. Huo ulizaliwa enzi za vitufe, na ilipokuja iPhone mwaka 2007 na simu za kwanza za Android mwaka 2008, ulishindwa kukimbizana na vioo vya kugusa. Tarehe 11 Februari 2011 Nokia ikatangaza kwamba simu zake janja zitahamia Windows Phone ya Microsoft. Siku hiyohiyo kila aliyekuwa na Symbian mkononi alijua imeshika njia ya kaburini, na waandishi wa programu nao walijua.

Lumia, simu za Nokia za Windows Phone zilizofuata, zilikuwa simu imara, zenye kioo safi na kamera nzuri. Wapangaji hawakuja. Anayeandika programu huenda waliko watumiaji, na watumiaji huenda ziliko programu; ukikosa wote wawili mwanzoni, mduara hauanzi kuzunguka. Microsoft iliinunua idara ya simu ya Nokia na mauzo yakakamilika Aprili 2014, lakini hali haikubadilika. WhatsApp ilipojitoa kwenye Windows Phone tarehe 31 Desemba 2019, Lumia isiyo na hata mkwaruzo ilibaki ya kupiga na kupokea. BlackBerry nayo ilizima huduma za mifumo yake ya zamani tarehe 4 Januari 2022. LG walitangaza kuachana na biashara ya simu Aprili 2021, ingawa wao walitumia Android hiyohiyo ya wenzao. Hapo ndipo mtu ajifunze kwamba mfumo mzuri peke yake hautoshi: kampuni ikifunga duka, vioo na betri zake huanza kuadimika, na fundi anaanza kukuchomolea spea kutoka simu nyingine zilizokufa.

Leo kwa simu janja imebaki mifumo miwili ya kuaminika, Android na iOS ya iPhone. Kinachotofautiana ni kampuni zinazoibeba.

Kampuni zinaelekea wapi

Tecno, Itel na Infinix ni watoto wa mama mmoja. Mama yao ni Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanza na Tecno mwaka 2006 na kuilenga Afrika tangu mapema, ikafungua kiwanda Ethiopia mwaka 2011 na kuingiza hisa zake kwenye soko la Shanghai mwaka 2019. Kwa wingi wa simu zinazouzwa Afrika ndiyo inayoongoza. Hii ina maana kubwa kwa mnunuzi wa Ngarenaro au Majengo: kampuni ambayo Afrika ndiyo shamba lake haiwezi kulitelekeza kesho. Vioo, betri na mifumo ya chaji ya Tecno na Infinix karibu kila fundi anavyo au anajua pa kuvipata kabla jua halijazama, na kampuni ina mtandao wake wa huduma, Carlcare. Udhaifu wake ni kwamba biashara yake imejengwa juu ya toleo jipya kila mwaka. Simu za bei ya chini hupata apdeti chache, nyingine hubaki na Android ileile iliyotoka nayo kwenye boksi.

Samsung ni kinyume chake. Inatengeneza vioo vyake na kumbukumbu zake, ina fedha ya kulipa wahandisi wa apdeti kwa miaka, na tangu 2024 imeanza kuzipa hata simu za bei ya kati ahadi zilizokuwa za simu ghali. Spea zake zipo, ila kioo orijino cha AMOLED, ambacho kila nukta yake hujiwakia yenyewe, kina bei, na hapo ndipo kopi zinapopenyezwa. Tutalirudia hili.

Xiaomi, wenye Redmi, wamekaza mwendo Afrika na mfumo wao sasa unaitwa HyperOS, ambao ndani yake ni Android. HMD ya Finland, iliyoundwa 2016 ikapewa leseni ya kutumia jina la Nokia, ilianza mwaka 2024 kuuza simu janja kwa jina lake yenyewe, na mwaka 2025 ikatangaza kupunguza shughuli zake Marekani. Simu janja zake si mbaya, ila kampuni inayobadilisha jina na kupunguza masoko kwa mpigo mmoja inahitaji uangalifu kabla ya kuiwekea laki tatu. Vitochi vyake ni habari nyingine kabisa.

Huawei tangu Mei 2019 ipo kwenye orodha ya vikwazo ya Marekani, na simu zake mpya tangu Mate 30 ya Septemba mwaka huo hazina huduma za Google. Apple haina dalili ya kwenda popote, lakini huku kwetu iPhone nyingi zinazouzwa zimeshapita mikononi mwa mtu.

Nafasi ya kwanza: Samsung Galaxy A16 ya 4G

Ilitoka mwishoni mwa 2024 ikiwa na Android 14, na Samsung imeahidi kuiletea matoleo sita ya mfumo na viraka vya usalama kwa miaka sita. Hesabu mwenyewe: mpaka 2030. Kwa simu ya daraja hili ahadi hiyo ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote kwenye boksi. Kioo ni Super AMOLED cha inchi 6.7, betri ni 5000 mAh, chipu ni Helio G99, inapokea memori kadi, na ina kinga ya IP54, yaani vumbi la kiangazi la barabara za Moshi na manyunyu ya Arusha haviisumbui. Usiizamishe tu.

Chukua yenye RAM 6 au 8 kama mfuko unaruhusu, kwa sababu mfumo wa mwaka 2029 utataka nafasi kuliko huu wa leo. Yenye RAM 4 itafika huko, lakini itafika ikihema. Namba ya modeli ya 4G inaanza na SM-A165. Ile ya 5G inaanza na SM-A166 na huwa na bei zaidi. Kama 5G haijafika mtaani kwako, tofauti hiyo iweke kwenye RAM. Na tenga hela ya chaja: boksi la Samsung huja na waya tu. Nunua kichwa cha wati 25 chenye tundu la USB-C, kwa sababu vichwa vya bei chee vya mezani hutoa umeme usiotulia na ndivyo vinavyoua mfumo wa chaji kabla betri haijachoka.

Hela isipofika, shuka kwa mdogo wake, Galaxy A06. Hiyo imeahidiwa matoleo mawili ya mfumo na miaka minne ya usalama. Kioo chake ni LCD, hakina uzuri wa AMOLED, lakini kikivunjika gharama yake haiumizi sana.

Nafasi ya pili: Tecno Spark au Infinix Hot, yenye RAM halisi 6 au 8

Kwa dereva wa bodaboda, mama wa duka, mwanafunzi wa chuo, mtu ambaye simu yake itaanguka mara tatu kwa mwaka, hizi zinaweza kuwa na akili kuliko Samsung. Betri kubwa, spika yenye sauti, laini mbili na memori kadi kwa pamoja kwenye matoleo mengi, na kioo kinachobadilishwa siku hiyohiyo. Unachokosa ni miaka ya apdeti. Ukinunua Spark, nunua ukijua ni simu ya miaka miwili hadi mitatu, na upange bei hivyo.

Hapa kuna mtego mmoja unaowaumiza wengi. Boksi limeandikwa 16GB kwa herufi nono, na chini yake, kwa herufi za sisimizi, 8GB+8GB. Zile nane za pili si RAM. Ni nafasi iliyokopwa kwenye hifadhi ya ndani ya simu, na hifadhi ni polepole mara nyingi kuliko RAM ya kweli. Vilevile 8GB iliyoandikwa 4+4 ni simu ya RAM 4. Fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, usome RAM. Kisha uzime kabisa ile nyongeza ya kukopa kama hifadhi yako ni 64GB, maana inakula nafasi unayoihitaji kwa picha na WhatsApp.

Kazi ya pili ni kuinyamazisha. Simu hizi huja na duka lao la programu, Palm Store, kivinjari chao, na programu ya usafi iitwayo Phone Master, na zote hupenda kukutumia matangazo. Ingia Mipangilio, Programu, ichague moja moja, uzime arifa. Phone Master nayo ina tabia ya kuzifunga programu zilizo nyuma ili kuokoa chaji, ndiyo maana ujumbe wa WhatsApp unakuja wote kwa mkupuo ukifungua simu asubuhi. Dawa ni kuiruhusu WhatsApp, na programu yako ya benki, kujiwasha zenyewe na kuitoa kwenye uokoaji wa betri.

Redmi za bei hiyohiyo zipo humu pia. Programu zake zina matangazo kama ndugu zake, na fundi wa nje ya mji anaweza kukosa kioo cha toleo jipya. Angalia kwanza kwa fundi wako, ndipo ununue.

Nafasi ya tatu: kitochi kipya

Wengine watashangaa kukiona juu ya iPhone. Hatukukosea. Kitochi cha Nokia au Itel hakina mfumo wa kuzeeka: kilichomo siku ya kwanza ndicho kitakachokuwamo siku ya mwisho. Hakisubiri apdeti, hakijai, hakifungiwi na akaunti. M-Pesa inafunguka kwa *150*00#, Mixx by Yas kwa *150*01#, Airtel Money kwa *150*60# na HaloPesa kwa *150*88#, bila bando na bila programu. Bibi aliyeko Kibosho anayepokea hela ya mjukuu na kupiga simu mbili kwa siku hahitaji zaidi ya hapo, na mwanaye akimpelekea simu janja ya laki mbili atakuwa amempa kazi ya kuchaji kila jioni.

Kabla ya kulipa tazama mambo matatu. Betri ichomoke, na iwe ya aina inayopatikana vijijini. Zile za umbo la BL-5C zipo hadi kwenye maduka ya chumvi na sukari. Vitufe vibonyeke kwa sauti ileile vyote, hasa 0, 5 na nyota, maana hivyo ndivyo vinavyokufa mapema kwa mtu wa miamala. Mwisho uliza kama ni ya 2G tu au ina 4G. Ya 2G inatosha kupiga na kutuma hela, ila ya 4G itadumu zaidi mitandao inapoendelea kuhamia mbele, na sauti yake ya simu ni safi pale mtandao unaporuhusu simu kupita kwenye 4G.

Wapagazi na waongoza watalii wanaopanda Kilimanjaro wanakitumia kama simu ya pili, na wana sababu. Baridi hupunguza uwezo wa betri ya lithiamu: kemikali ndani yake zinapungua kasi, umeme unashuka, na simu inazima ikiwa bado imeandika asilimia 30. Kufika kambi ya Kibo (Kibo Hut) kwenye mita 4,720, simu janja iliyokaa mfuko wa nje wa begi inaweza kuwa imeshakufa. Iweke kifuani ndani ya nguo, lala nayo kwenye begi la kulalia, izime usiku. Ikiganda usiichaji papo hapo. Ipashe joto kwa mwili kwanza, kwani kuchaji betri iliyo chini ya nyuzi 0 huiharibu kwa kudumu.

Nafasi ya nne: iPhone iliyotumika, kuanzia 11

Kwa apdeti iPhone haina mpinzani wa umri wake. Iko ya nne kwa sababu moja tu: nyingi zinazouzwa mjini zimeshafunguliwa, na mnunuzi asiyejua kukagua hupoteza hela yote kwa siku moja, si kwa miaka.

Anza na umri. iPhone 7 iliishia iOS 15. iPhone 8 na X ziliishia iOS 16. XR na XS ziliishia iOS 18. Toleo la iOS 26, lililotoka Septemba 2025, linaanzia iPhone 11. Mwezi Mei mwaka huohuo WhatsApp iliziacha iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Kwa hiyo XR yenye rangi nzuri inayouzwa kwa bei ya kuvutia imeshaanza kuteremka ngazi. Ukiweza, chukua 12 au 13.

Kisha fungua Settings, General, About. Herufi ya kwanza ya namba ya modeli inazungumza: M ni simu iliyouzwa mpya dukani, F ni iliyokarabatiwa na Apple yenyewe, N ni iliyotolewa kubadilisha iliyoharibika. Winga akikuapia ni mpya na herufi ni N, mnaongea lugha mbili. Mwisho wa namba unaonyesha ilikouzwa. LL/A ni Marekani. Jihadhari hapo: iPhone za Marekani kuanzia 14 hazina tundu la laini kabisa, zinatumia eSIM pekee, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi. Nenda kwanza dukani kwa mtandao wako uulize kama wanakupa eSIM na utaratibu wake ukoje, ndipo urudi kwa muuzaji.

Hapohapo kwenye About, simu ikiwa na betri, kioo au kamera isiyo ya Apple itaandika kwamba kipuri hakijulikani. Taarifa ya betri inaonekana kuanzia XR na XS, ya kioo kuanzia 11, ya kamera kuanzia 12. Kioo cha kopi si dhambi, ila kishushe bei. Betri angalia kwenye Battery: chini ya asilimia 80, hesabu gharama ya nyingine.

Kubwa kuliko yote ni akaunti. Mwambie muuzaji atoe Apple ID yake mbele yako, afute simu yote kwa Erase All Content and Settings, kisha wewe uiwashe upya mpaka ukurasa wa mwanzo kwa akaunti yako. Ikiuliza nenosiri la mtu mwingine, funga mazungumzo. Kuna wanaouza zilizovunjwa kufuli kwa ujanja. Nyingi hazishiki mtandao wa simu, na siku ukiisafisha kufuli hurudi.

Nafasi ya tano: Android Go

Hii ni Android nyepesi ambayo Google ilianza kuitoa mwaka 2017 kwa simu zenye RAM ya 1GB kushuka, na kuanzia Android 13 kima cha chini kikawa RAM 2GB na hifadhi 16GB. Utaikuta kwenye Itel nyingi, Tecno Pop na Redmi za mfululizo wa A. Kwa mtoto wa sekondari, kwa redio, kwa WhatsApp ya vikundi viwili, inafanya kazi.

Inapokufa, hufa kwa kujaa. Kwenye hifadhi ya 32GB mfumo wenyewe unachukua sehemu kubwa, na vikundi vya harusi na vikoba hujaza iliyobaki kwa video. Nafasi ikiisha karibu yote, simu nzima hukwama, na watu hudhani imeingiwa na virusi. Memori kadi haisaidii sana, kwa sababu WhatsApp huweka mafaili yake kwenye hifadhi ya ndani. Siku ya kwanza kabisa ingia mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video wenyewe kwa wenyewe. Usichukue chini ya RAM 3 na hifadhi 64. Ukipewa ya RAM 1, afadhali kitochi na chenji ibaki mfukoni.

Za kuacha

Huawei mpya isiyo na Google ni chuma kizuri, betri nzuri, na kamera za kuonea wivu. WhatsApp inawekwa kutoka kwenye tovuti yake, na duka lao AppGallery lina mengi. Tatizo ni programu zinazoegemea huduma za Google kwa ramani, arifa au uthibitisho: nyingine zinagoma, nyingine zinafunguka bila kukuletea ujumbe. Anayetegemea simu kwa benki au kwa kazi ya usafirishaji aiache. Kizuizi hicho cha Google si cha fundi kukivunja.

Vitochi janja vya KaiOS vilikuwa wazo zuri: mfumo uliotokana na Firefox OS ya Mozilla, WhatsApp kwenye simu ya vitufe. Tangu Juni 2024 WhatsApp haipakuliki tena kwenye duka la KaiOS, na waliokuwa nayo walipewa muda mpaka mwanzoni mwa 2025. Kwa hiyo anayekuuzia leo kwa sifa ya WhatsApp anakuuzia kilichokwisha. Lumia, BlackBerry, na LG zilizobaki kwenye makabati ya vioo nazo ziache zilipo, bei iwe vyovyote.

Kagua kabla hela haijatoka

Piga *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ulinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa SMS kwenda 15090. Mfumo wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, utakurudishia aina na modeli ya simu. Ikija modeli tofauti na uliyoishika, ni feki au imebadilishwa namba. Zimazima ya Juni 2016 iliyofungia simu feki nchi nzima iliwakuta wengi ambao hawakuwahi kutuma ujumbe huo mmoja.

Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, ingia mipangilio kisha sehemu ya kuhusu. Itaandika kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect. Weka CPU-Z, programu ya bure, usome chipu. Galaxy A16 ya 4G lazima ioneshe Helio G99, wakati mwingine kwa jina la MT6789. Simu feki zinaweza kudanganya RAM na hifadhi kwenye Mipangilio, lakini chipu huwaumbua.

Kwa Samsung piga *#0*# ufungue ukurasa wa majaribio, upime rangi, tachi na spika. Chagua rangi nyeusi, uzibe mwanga kwa viganja vyote viwili. AMOLED orijino huwa nyeusi kama imezimwa. Ikiwa na ukungu wa kijivu, kioo kimebadilishwa kwa LCD ya kopi.

Weka laini yako mwenyewe, si ya muuzaji, uone 4G ikiandika, upige simu na kumsikiliza unayempigia. Simu zilizoletwa kutoka nje zimefungwa kwa mtandao wa huko mara nyingine, na hilo haligunduliki mpaka laini iingie.

Simu zilizotumika zenye Android zina kufuli la akaunti ya Google tangu Android 5.1. Muuzaji aitoe akaunti yake kwanza, ndipo simu ifutwe kupitia Mipangilio, nawe uiwashe upya palepale. Akiifuta kwa kubonyeza vitufe bila kutoa akaunti, itakuja kudai nenosiri lake. Kwa zilizopita Namanga au Holili ongeza ukaguzi mmoja: nyingine zilichukuliwa kwa mkopo Kenya na hazijamalizwa kulipwa. Ingia Usalama, sehemu ya programu za usimamizi wa kifaa. Ukikuta programu ya kampuni ya mikopo isiyozimika, au maandishi kwamba simu inasimamiwa na taasisi, siku yoyote inaweza kufungwa kutoka mbali.

Na kama ni wewe unayechukua kwa mkopo hapa kwetu, piga hesabu yote kabla ya kusaini. Tuseme kianzio ni 60,000 na kila siku 1,500 kwa siku 365: hiyo ni 607,500. Nenda duka la jirani uulize taslimu ni ngapi.

Baada ya kulipa

Dai risiti ya EFD na umwombe muuzaji aandike IMEI juu yake au kwenye waranti. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikishaneni: jina, namba ya kitambulisho, IMEI, bei, sahihi, kwani simu ikija kutajwa polisi kwamba iliibiwa, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea. Hela zako za M-Pesa zipo kwenye laini, hazipo kwenye simu ya zamani. Hamisha laini tu. WhatsApp ihifadhiwe nakala kwanza, kabla hujafuta simu unayoiacha.

Usiku wa kwanza iunganishe na Wi-Fi au bando la usiku, uingie Mipangilio kutafuta apdeti, na urudie mpaka iseme hakuna nyingine. Simu iliyokaa dukani miezi sita inaweza kuwa na viraka vitatu au vinne vinavyosubiri. Boksi lisitupwe. Namba iliyo ubavuni mwake ndiyo utakayotaja kituoni na kwa mtandao wako siku simu ikipotea kwenye kifodi cha Sakina.